Mama Chapa na Maneno Pacha

Mama Chapa alikuwa amepiga chapa miaka ishirini na sita katika chumba kile kile, kwanza kwa mashine iliyogonga kama mvua ya mawe juu ya bati, halafu kwa kompyuta isiyosema kitu. Wakuu wa idara wanne walikuja wakamkuta. Watatu waliondoka wakamwacha. Kila mmoja aliandika barua zake kwa mkono, kwa Kiingereza, akampa yeye azipige. Na kila mmoja alikuwa na maneno yaliyomshinda.

Kiingereza ndivyo kilivyo. Kina maneno pacha: ukiyasikia utasema ni mtu na nduguye, ukiyaandika kila mmoja ana nyumba yake. Mkuu wa chuo ni principal, kanuni ni principle. Ukiteleza, umemwamkia Kanuni na kumwulizia hali ya familia. Mama Chapa shule aliiacha akiwa bado anaipenda, basi akajitungia njia zake akaziandika kwenye daftari, pamoja na maneno yaliyomshinda kila mkuu. Mkuu wa chuo yuko pale ofisini, kwa hiyo neno lake linaishia na pal. Stationery ya karatasi na kalamu ina e kama ya peni, ile ya kusimama tuli ina a. Council ni baraza, na ile c ya katikati imekaa kama watu walioketi nusu duara. Counsel ni shauri, nayo ina s ya shauri.

Alisahihisha kimya kimya. Hakuna aliyemtuma, hakuna aliyemkataza. Barua zilitoka safi, Mkuu wa idara akasifiwa makao makuu kwa Kiingereza chake, na yeye akaendelea kukalia kiti kilichopasuka, sweta limekunjwa kufunika sponji.

Sasa alikuwa amechoka. Mama yake mzazi alikuwa amekufa ganzi miguu, huko mji mwingine, safari ya siku nzima, na mdogo wake aliyekuwa akimwuguza alikuwa anamfuata mume mwisho wa mwezi.

"Dada, mimi nimebeba vya kutosha," alimwambia kwenye simu. "Na mama hataki kuogeshwa na mtu baki. Anakutaja wewe."

Idara ilikuwa na ofisi ndogo kule kule, na nafasi ya mpiga chapa ilikuwa wazi. Ilibaki saini moja. Lakini Mkuu wa sasa, kijana wa rika la mwanawe wa kwanza, alikwisha kukataa mara mbili, kwa upole.

"Mama, nikikuachia wewe, barua zangu atazipiga nani? Wengine wananiharibia, makao makuu wananirudishia."

Karani wa mafaili, jirani yake wa chumba cha pili, alicheka aliposikia.

"Wanamharibia, au wanampigia alichoandika? Wewe ndiye uliyemdekeza, mwenzangu. Mtu ukimbeba mgongoni kila siku atajuaje kama ana miguu? Wiki hii mpigie vile vile alivyoandika. Akiona madudu yake, atakutoa mwenyewe mbio."

"Nitamwaibisha mtoto wa watu."

"Na mama yako aogeshwe na nani? Na Kanuni?"

Jumatatu ikaja barua ya kwenda kwa mkuu wa chuo na baraza lake. Mama Chapa akaipiga kama ilivyo. Vidole viligoma, mara tatu vilirudi nyuma kufuta, mara tatu akavizuia. Akaipeleka. Mkuu aliisoma mstari kwa mstari, kalamu ikifuata.

"Safi, Mama. Kama kawaida yako."

Akasaini.

Mama Chapa alirudi mezani. Hilo hakulifikiria, wala karani na maneno yake yote hakulifikiria. Mtu hawezi kuona kwamba amepotea ikiwa njia anayoijua ni hiyo hiyo. Siku zote Mkuu hakuwa ameona masahihisho yake. Leo hakuona kosa. Bahasha ilikuwa kwenye trei, na tarishi huondoka saa nne. Akiiacha iende, kijana atachekwa chuo kizima na hatajua kwa nini. Akiipiga upya, atakaa chumba hiki mpaka astaafu, na mama yake ataoshwa na mikono asiyoijua.

Akachukua bahasha, akatoa daftari kwenye droo, akabisha hodi.

"Mkuu, barua hii haifai kwenda." Akaweka kidole. "Hapa umemwandikia kanuni. Na hapa baraza umeliita shauri."

"Umekosea kupiga."

"Nimepiga ulichoandika. Karatasi yako hii."

Mkuu akazilinganisha. "Ni leo tu?"

Angeweza kusema ni leo tu. Lakini uongo nao ni kazi, naye nguvu ya kazi nyingine hakuwa nayo. "Tangu wiki uliyoripoti," akasema, akamfungulia daftari.

Mkuu akalipekua ukurasa kwa ukurasa, maneno yake na ya waliomtangulia.

"Nani mwingine anajua?"

"Karani wa mafaili."

"Basi wanajua wote," alisema, nusura acheke. Kisha akanyoosha mkono. "Lete fomu yako ya uhamisho."

Alisaini bila kumtazama, akaandika aondoke Ijumaa, mapema kuliko alivyoomba. Haikuwa huruma, na Mama Chapa alilijua hilo. Ni vigumu kupita kila asubuhi mbele ya mlango wa mtu aliyekwisha kukuona uchi. Asante hakupewa, wala hakuingoja.

"Kimeeleweka?" karani alimdaka mlangoni.

"Kimeeleweka."

"Mbona sura kama ya mfiwa?"

"Nitafurahi nikishalala."

Tarishi alikuwa bado anakunywa maji, kwa hiyo akaipiga barua upya, sawasawa, ikasainiwa, ikaenda. Ndipo akampigia mdogo wake.

"Mwambie mama, Jumamosi nitamwogesha mimi."

"Njoo na nguvu, Dada. Amekuwa mzito."

"Nguvu sina," alisema Mama Chapa. "Nitakuja na mikono."