Kifundo cha Abti

Nilimwahidi abti wangu, kaka yake mama, kwamba nikisimulia habari zake sitalitaja jina lake kamwe. Kwa hiyo humu ataitwa Abti tu. Ahadi hiyo niliitoa nyuma ya bucha yake ya miti na turubai, penye harufu ya moshi, mafuta ya ngamia na mchanga uliomwagiwa maji, wakati wa vita vya serikali na waasi walioitwa shifta, tulipokuwa tumekusanywa na serikali katika kijiji cha nje ya Garissa, seng'enge pande zote na askari langoni.

Nilikuwa nimemuuliza swali la kitoto. Abti aliwaambia watu wote kwamba kifundo chake cha mkono kinauma, hivyo kila asubuhi Maalim wa madrasa ndiye aliyechinja, naye Abti akachuna na kukata. Lakini mkono huohuo ulipandisha paja zima la ngamia begani bila kutetereka. Kuumwa gani huko? Abti alicheka mpaka akakaa chini, kisha akanijibu kama mtu mzima mwenzake.

"Abti," alisema, maana kwetu mjomba na mpwa huitana hivyohivyo, "mimi siamini kama wanavyoamini wao. Nimejaribu, imani haikuja. Nikichinja mimi, watakula kisicho halali kwao bila kujua. Wakijua, nitakosa bucha, na mama yangu atakosa usingizi. Basi kifundo kinauma."

Tangu hapo nilikitunza kifundo kile kama changu.

Asubuhi ya Idd ya kuchinja, baada ya sala, wanaume wote waliitwa langoni kukaguliwa, Maalim akiwemo. Abti peke yake aliruhusiwa kurudi, kwa kuwa askari nao walikuwa wakiingoja nyama yake. Jua likapanda, mbuzi wakalia, watoto tukalia kuwashinda mbuzi. Wanawake wakamzunguka Abti na kisu.

"Kaka, chinja! Au siku hizi unawaonea mbuzi haya?"

"Kifundo, dada zangu."

"Kifundo hiki hakiponi mwaka wa pili sasa," alisema nyanya yangu, mama yake mzazi. "Leteni chuma."

Kwetu maumivu sugu huchomwa kwa chuma cha moto, na nyanya alisifika kwa kazi hiyo. Nilimtazama Abti. Angeweza kusema kweli, akapoteza kila kitu. Angeweza kutamka bismillahi ya mdomoni, akachinja, mambo yakaisha. Alinikonyeza, akaunyosha mkono. Yowe alilolipiga liliwageuza hata askari langoni.

"Haya, sasa chinja," wakasema wanawake.

Abti alimgeukia mama yake. "Hoyo, maumivu yamehamia begani."

Kijiji kizima kiliangua kicheko. Nyanya hakucheka. Alimtazama mwanawe kwa kitambo, kisha akakichomeka chuma mchangani. "Bega halichomwi siku ya Idd," alisema. "Tutamngoja Maalim." Hakuna aliyewahi kuisikia sheria hiyo, wala hakuna aliyeipinga. Maalim alifika adhuhuri, na nyama ya siku ile sijapata kuonja mfano wake.

Leo nimemaliza chuo cha ualimu, na seng'enge imekwisha kung'olewa. Mimi ninasali kwa moyo wangu wote. Siku ya Idd Abti husimama safuni kando yangu, na anapoinua mikono kovu lake huonekana. Sisi tuliosoma tunapenda kuulizana hadharani nani anaamini nini. Ndani ya waya ule tulibanana sana, lakini palikuwa na nafasi ya mtu kuumwa kifundo. Msomaji, ukiwa na jirani wa namna hiyo, tafadhali usimwombe akuonyeshe panapouma.