Ngozi Ninayoilisha Nairobi

Kazi yangu ni kulisha ngozi. Nikisema hivyo nyumbani, kijijini Nyarero, watu wanacheka, na mimi nimechoka kueleza. Katika maabara moja Nairobi tunaotesha ngozi ya binadamu kwenye vikombe vya plastiki, kila kipande ukubwa wa kifungo cha koti. Tunaianzisha kwa seli za mabaki ya ngozi ambayo wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wameridhia tuyatumie. Ikikomaa tunaipaka dawa juu, kisha tunapima kiasi kilichopenya hadi kwenye maji ya chini. Inalishwa maji ya virutubisho kila siku, Jumapili na Krismasi pia. Kwa ajili yake sikufika nyumbani miaka miwili, na nilikuwa najisifu kwa hilo, mjinga mimi.

Chumba nilichopanga kina kitanda kimoja na kikombe kimoja cha chai. Nilikuwa mpweke, sina haja ya kuficha. Nikitoka kazini nilimpigia mama simu. Baba alishafariki, dada zangu wameolewa mbali, na mama naye anaishi peke yake. Upele ulimshika mgongoni, katikati ya mabega. Daktari wa Tarime akamwandikia dawa ya kupaka, na kwa bahati ilikuwa aina ile ile niliyokuwa nikiipima maabara. Niliifahamu dawa hiyo kuliko nilivyowafahamu majirani zangu. Nikanunua mirija mitatu, nikaituma kwa basi hadi Sirari.

"Unapaka, mama?"

"Napaka, mwanangu. Asubuhi na jioni."

"Na upele?"

"Upo tu. Sasa umepanda mpaka shingoni."

Miezi miwili ikapita hivyo. Niliishuku dawa, nikaushuku mrija, mwishowe nikamshuku mama. Nikarudia vipimo kwenye vikombe vyangu, na dawa ikapenya vizuri kabisa. Mama alipoacha kwenda kanisani kwa sababu nguo inamchoma mgongoni, nikaomba likizo ya siku saba. Mwenzangu wa maabara akakubali kuilisha ngozi. Nilimwandikia maelekezo ya kurasa mbili: joto, saa, hata namna ya kushika kikombe.

Nilivuka mpaka wa Kenya na Tanzania pale Sirari asubuhi, nikapanda pikipiki hadi nyumbani. Nilimkuta mama jikoni, amekaa kwenye kigoda, ameegemea nguzo ya katikati.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekonda."

Aliinuka kunipokea, ndipo nikaiona ile nguzo. Ilikuwa imefungwa kitenge cha zamani, na kitenge kiking'aa mafuta usawa wa mabega ya mtu aliyekaa. Nikakisogelea, nikanusa. Ilikuwa dawa yangu.

Mama hakuona haya. "Mkono haufiki," akasema. "Napaka kwenye nguo, halafu nasugua mgongo. Ng'ombe si wanajikuna hivyo?"

"Na jirani je?"

"Nimvulie jirani nguo, kesho kisima kizima kijue mgongo wangu?"

"Mbona hukuniambia?"

"Uliuliza kama napaka. Hukuuliza nani ananipaka."

Mirija yote mitatu ilikuwa imenyweshwa kitenge. Nimeipima dawa ile mara nyingi, na hata siku moja sikujiuliza ni mkono wa nani utaifikisha. Nililia, naye akaendelea kukoroga uji, akaniacha nimalize.

Jioni ile nilinawa mikono, nikafungua mrija mpya niliokuja nao, nikampaka. Mgongo wake ulikuwa na joto na makunyanzi, na ulishtuka nilipougusa. Ngozi ya vikombe haishtuki. Nikampaka asubuhi na jioni bila kuruka, na siku ya tano mabaka yakaanza kukauka. Akaniambia amelala chali usiku kucha, jambo ambalo alikuwa amelisahau.

Jioni ya siku ya sita, mkono wangu ukiwa mabegani mwake, akauliza, "Na ile ngozi yako ya Nairobi, sasa nani anailisha?"

"Nimemwachia mwenzangu."

Alikuwa bado amenipa mgongo.

"Kumbe ile ina mtu," akasema.

Asubuhi yake nilitakiwa niwe Sirari, nipande basi la kurudi Nairobi. Nikaendelea kumpaka, ingawa dawa ilikuwa imekwisha kuingia yote.