Dukati ya Mkunga Apolena

Miaka arobaini mkunga Apolena aliwazalisha wanawake wa Kremnica, na kila mwenye uchungu alimfumbatisha dukati yake kuukuu, sarafu yenye sura ya Bikira Maria na Mtoto, dhahabu ya migodi ya palepale. Uzeeni, paa lilipoanza kuvuja, akaipeleka kwa sonara Vendelín apate kuiuza.

“Imelika, bibi. Mfalme wa upande wa pili hana hata pua. Uzito umepungua, na bei itapungua.”

“Mikono ya mama zenu ndiyo iliyoila. Mamako peke yake aliifumbata siku mbili, maana wewe ulikuwa mkaidi tangu tumboni.”

Vendelín akacheka, akaitoa kwenye mizani, akamrudishia kiganjani. “Kaa nayo. Mke wangu yuko mwezi wa nane.”

Jumamosi akaja na ngazi, akapanda paani.