Wavu wa Mvua na Wavu wa Kiangazi

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa wavu uliopasuka, lakini sikupewa sindano. Capita wa magazini, yaani mkubwa wa nyumba ya nyavu pale pesheri, kituo cha uvuvi cha Kyavinyonge, aliutandaza mbele yangu juu ya mchanga, akakaa kwenye bidoni, dumu tupu lililopinduliwa, akaniuliza, "Masika, ni nini ilipasua hii?"

Nikasema sijui. Nilikuwa nimeshuka kutoka Butembo siku chache tu kabla ya hapo, msichana wa milimani aliyezoea baridi na mashamba ya viazi, na ziwa lenyewe nilikuwa bado naogopa kulitazama kwa muda mrefu. Shangazi yangu, aliyekausha samaki pale ufukweni, ndiye aliyeniombea kazi.

"Basi leo hautashona," akasema Capita. "Leo utaangalia matundu tu. Mutu anashona mbele ya kujua, kesho anarudia kushona palepale."

Tukatazama matundu mpaka jua likawa kali. Tundu pana lenye matope pembeni lilikuwa la kiboko aliyepita bila hata kujua kwamba amepita. Mpasuko mrefu ulionyooka ulikuwa wa kisiki, na maana yake mvuvi alitega mahali ambapo miti ilizama. Pale nyuzi zilipokatwa moja moja kama kwa makasi, alikuwa mamba. Simsemi yule mla watu. Sisi tulikuwa tunamwita mamba samaki mmoja mrefu kama nyoka, mwenye meno makali, anayepanda juu kuvuta hewa. Capita alitaka nijue hayo yote kwa sababu mshonaji anayejua kilichopasua wavu anaweza kumwambia mvuvi ahame mahali.

Sindano nilipewa baadaye, ya mbao, iliyochongwa bapa na kuzungushiwa uzi. Nikafundishwa jicho la wavu, yaani nafasi kati ya fundo na fundo, ambayo wakubwa waliiita maille. Jicho likiwa dogo linabeba watoto wa samaki. Kwetu lilipimwa kwa kipande cha mbao ambacho Capita alikuwa nacho mfukoni hata kanisani. Nikafundishwa kamba ya juu, inayobeba maboya, na kamba ya chini, inayobeba vipande vya risasi. Kati ya kamba hizo mbili wavu unasimama majini kama pazia. Kazi yangu kwa miaka yote iliyofuata ilikuwa kuamua pazia hilo lisimame wapi.

Vijana wanaoniuliza leo wanafikiri wavu ni wavu. Hapana. Wakati wa mvua mito inashusha maji mekundu kutoka milimani, na samaki hawaoni mbali. Tilapia wanasogea karibu na matete kutafuta chakula. Basi wavu wa mvua ulikuwa mfupi, wenye risasi nyingi, ukitegwa chini karibu na ukingo. Kiangazi maji yanakuwa meupe kama kioo, samaki anauona uzi na kuukwepa. Hapo tulizichovya nyavu katika maji ya magome ya miti yaliyochemshwa mpaka zikawa na rangi ya chai kali, tukazifanya ndefu, bado zikitegwa chini, na wavuvi wakaenda mbali zaidi. Mbalamwezi ikiwa kubwa tuliwaambia walale nyumbani, na sisi tukapata nafasi ya kushona.

Jambo la kiangazi lililotisha lilikuwa upepo. Ulishuka mchana kutoka milima ya Lubero iliyo nyuma yetu na kusukuma kila kitu kwenda katikati ya ziwa. Aliyechelewa kurudi alipiga kasia bila kusogea.

Niliolewa hapohapo Kyavinyonge na mvuvi, Kakule, mtu wa maneno machache ambaye alikuwa akileta wavu wake kushonwa hata usipokuwa umepasuka. Tulikuwa tayari na watoto wadogo mwaka ule ambao ziwa liligeuka.

Ilikuwa kiangazi. Upepo ulivuma siku nyingi mfululizo kuliko tulivyozoea. Asubuhi moja maji ya ufukweni yakawa meusi na kunuka kama yai bovu, na samaki waliokufa wakaelea mpaka penye nyumba za wakaushaji. Directeur wa pesheri, mtu mrefu aliyesomea mambo ya maji na kutoka mbali na kwetu, alitueleza kwamba chini kabisa ya ziwa kuna maji yasiyo na hewa. Upepo ukisukuma maji ya juu, yale mabaya yanapanda. Nyavu zetu za chini zikawa zinatoka tupu au na samaki walioharibika.

Samaki waliopona walikimbilia kwenye ghuba, pale mto unapoingiza maji mapya. Ungeweza kusimama ukingoni na kuona migongo yao. Lakini ghuba hilo lilikuwa limefungwa kwa wavuvi, kwa kuwa ndimo tilapia wanamozalia. Directeur alikusanya watu wote mbele ya magazini.

"La baie reste fermée," akasema, kisha akageuza kwa Kiswahili. "Mutu hapana ingia kule. Lakini sina kitu ya kubapatia leo, hiyo najua."

Watu waliondoka mmoja mmoja. Nyumbani Kakule alikaa mlangoni akinoa kisu ambacho hakikuwa butu.

"Samaki yote iko mu ghuba," akaniambia. "Tunaiona na macho yetu. Batoto bakule nini, amri ya Directeur?"

"Ile samaki iko na mayai mu kinywa," nikamwambia, maana tilapia anatunza mayai yake mdomoni mpaka watoto watoke. "Ukiileta hapa, mimi ndiye nitaifungua kinywa mbele ya batoto. Sitaki."

Alitoka, nami sikujua anakwenda wapi. Nilibaki nikisonga ugali kidogo wa fufu uliokuwapo. Kumbe alikwenda kwa Capita. Baada ya muda walikuja wote wawili, na Capita akakaa bila kukaribishwa.

"Mayi mubaya iko chini," akasema. "Ile ya juu, mbali kule, ingali muzuri. Samaki yenye haikufa na haikuingia mu ghuba, iko kule juu. Kakule anasema baba yake alikuwaga anategaka juu wakati kama huu. Na nyavu zetu zote ziko za chini. Unaweza kuzipandisha?"

Nilifikiri. Kutoa risasi ni kazi ndogo. Shida ilikuwa maboya, kwa sababu wavu mrefu hauelei bila maboya mengi, na dukani hayakuwapo. "Bataniletea babushi," nikasema. "Za mpira, hata zenye zilikatika."

Wanawake wakaenda nyumba kwa nyumba. Walirudi na mabeseni yamejaa babushi, yale malapa ya mpira ambayo kila mtu anavaa, mengine yakiwa bado na vumbi la miguu ya mwenyewe. Capita alivua yake pale pale akaendelea kutembea peku. Directeur alituletea frigolite, lile povu jeupe gumu lililokuja na friji yake, akakaa chini nasi, akaikata vipande vipande kwa kisu cha jikoni. Alikata vibaya. Shangazi yangu akamwonyesha jinsi ya kushika kisu, naye akamshukuru. Tulitoboa, tukafunga, tukavuta kila fundo kwa meno. Nyavu za namna ile hazingeweza kutegwa karibu, kwa sababu viboko wangezichukua shingoni. Zilipaswa kwenda mbali kwenye maji marefu, na sote tulijua upepo ulikuwa unafanya nini huko.

Pirogi, mitumbwi yetu ya mbao, ziliondoka kulipopambazuka, ya Kakule ikiwa na wenzake wawili. Mchana upepo ukashuka. Wengine walirudi wamelowa, wakitetemeka, wakasema walimwona Kakule mbele yao, kisha hawakumwona tena. Jua lilizama bila yeye kurudi.

Alfajiri nilikuwa ufukweni. Capita akaja akasimama karibu nami, peku, koti limefungwa mpaka shingoni. Hakuniambia nisilie wala kwamba Mungu yupo. Alitazama maji, akauliza, "Kamba ya juu uliifunga na fundo gani?"

"Ile ulinifundishaka."

"Basi itashika," akasema, na akabaki hapo.

Jua lilikuwa limeshapanda tulipoiona pirogi, ikija polepole, makasia mawili tu yakifanya kazi. Kakule alishuka wa mwisho. Viganja vyake vilikuwa vimechunika. Alizungumza nami kama mtu anayetoa ripoti kazini.

"Upepo ilitukamata. Tukafunga pirogi ku wavu. Wavu ikatushika, pua ikabakia inaangalia upepo, hatukupinduka. Lakini asubuhi wavu ilikuwa nzito sana, nguvu iliisha. Nilikata nusu ya wavu yako, nikaiacha."

"Nusu yenye ulileta iko na samaki?"

"Iko na samaki."

"Basi ile ingine nitashona mupya," nikamwambia. Halafu nikakaa kwenye mchanga.

Samaki wale hawakuuzwa. Directeur aliagiza wagawiwe kuanzia nyumba zenye watoto wachanga na wajane, na kila nyumba ikapata chungu cha samaki. Kesho yake pirogi zote zilitaka wavu wa juu, na hatukulala sana wiki hizo. Hakuna aliyeingia ghubani. Mvua ziliporudi, maji yalitulia, na tilapia walitoka ghubani kwa wingi uliowafanya wavuvi wacheke wenyewe majini. Sisemi ni sisi tuliofanya hivyo. Directeur mwenyewe alikuwa anasema ziwa lina mambo yake. Lakini nilifurahi kuwa sikufungua vile vinywa.

Baadaye vita vilitufukuza, tukapanda Butembo na watoto na sindano zangu. Nilipata kazi kwenye depo ya mfanyabiashara wa jumla aliyeagiza nyavu kutoka ng'ambo. Mteja alipokuja, nilimuuliza anavua wapi na msimu gani kabla ya kumpa kitu. Patron, mwenye depo, alinisikiliza siku nyingi akiwa nyuma ya kaunta.

"Masika, hapa tunauzishaka," akaniambia. "Hatufundishake."

"Patron, mutu akienda na wavu ya kweli, atarudi kwako."

Aliguna. Lakini wiki iliyofuata alinitengea meza yangu karibu na mlango, penye mwanga. Namshukuru hadi leo, kwa maana watu wengi waliokimbia kama sisi walipata kazi ya kubeba tu, nami niliachwa niendelee na kazi ninayoijua.

Utulivu uliporudi kidogo tulishuka tena Kyavinyonge. Capita wangu alikuwa mzee, macho yamefifia. Alinikabidhi kile kipande cha mbao cha kupimia na nyumba ya nyavu mbele ya wavuvi wote, akisema, "Huyu sasa ndiye Capita. Mwenye hataki, ashone mwenyewe." Wakaanza kuniita Mama Capita. Nilimzika miaka michache baadaye. Nilikaa katika nafasi yake mpaka vidole vyangu vikaanza kukataa mafundo.

Sasa tunakaa Beni, katika komini, yaani kata, ya Ruwenzori, kwa binti yetu. Kuna joto kama la ziwani, na mifupa yangu inapenda hilo. Kakule amepanda kakao nyuma ya nyumba na anaikagua kila siku kama vile itakimbia. Motari mmoja, kijana wa pikipiki anayeleta samaki wa chumvi, anapita mlangoni, nami humwambia kutokana na unene wao kama mvua imeshaanza kule. Amani si nyingi huku kwetu, kila mtu anajua. Hata hivyo, nikihesabu watu walionifundisha, walionivumilia na waliorudi salama kutoka majini, neno linalonijia ni la kwetu tu: wasingya, asante.

Wajukuu huniuliza ni siku gani ya kazi niliipenda zaidi. Wanangojea niseme siku ya babushi. Mimi huwaambia siku ya mwisho.

Katika miaka yote ile sikuwa nimewahi kupanda pirogi. Wanawake hawakwenda kuvua. Ilisemekana samaki watakimbia, na hata wanaume wasioamini hawakutaka kujaribu. Nilipoagwa, wavuvi waliniuliza ninataka zawadi gani. Nikasema nataka kuona wavu wangu ukiingia majini. Walitazamana. Kisha Kakule, ambaye alikuwa ameshaacha kuvua, akakunja suruali, akashika kasia na kuniambia, "Panda. Ukae katikati, usicheze."

Ilikuwa asubuhi, maji yametulia, na milima ya Ruwenzori ilikuwa wazi upande wa kaskazini, jambo ambalo halitokei mara nyingi. Walinipa kamba ya juu mkononi. Niliiachia polepole, boya moja baada ya jingine, na wavu ukashuka ukafunguka chini yetu kama nilivyokuwa nimeufikiria tu tangu ujana.

Tuliporudi, nilitazama mbele. Kijiji kilikuwa kidogo, moshi wa wakaushaji umelala juu ya mabati. Ufukweni palikuwa na mwanamke mmoja, yule niliyemwachia nyumba ya nyavu, amesimama na mkono juu ya macho, akitutafuta kwenye mwanga wa maji. Alikuwa mdogo kiasi kwamba usingetambua sura yake, lakini ulijua kwamba anakungojea wewe.

Kakule aliacha kupiga kasia.

"Ndivyo nilikuwaga nakuona," akasema. "Kila asubuhi."

Nikaendelea kumtazama yule mwanamke mpaka alipotutambua, akashusha mkono, akarudi kwenye kazi yake.