Tungoje Agosti

Maji yaliingia kwetu kupitia choo. Watu wakisikia kwamba ziwa lilikula boma letu hudhani tuliamka siku moja tukakuta mawimbi mlangoni. Hapana. Ilikuwa Novemba, mchana wa kawaida, baba akarudi kutoka choo cha shimo amekunja uso, akasema shimo limejaa na hakuna mtu aliyelijaza. Ziwa lenyewe lilikuwa bado mbali, ng'ambo ya ua wa mbuga ya wanyama, unaliona tu likimetameta nyuma ya migunga. Lakini chini ya ardhi lilikuwa limeshafika, na halikupiga hodi.

Tulikuwa wawili nyumbani, baba na mimi. Mama alikuwa amefariki Juni ya mwaka huo, tukamzika nyuma ya nyumba, karibu na mti wa avokado alioupanda mwenyewe. Mimi ndiye kifungua mimba. Ndoa yangu iliisha bila matusi wala kuagana, nikarudi kwa baba na cherehani yangu, nikawa nashona sare za shule barazani. Kitinda mimba wetu alikuwa nchi za Ghuba, Uarabuni, bawabu wa jengo refu ambalo alituapia kwamba kule juu mawingu huingia dirishani. Mkataba wake haukumruhusu kuja mazishini. Alimzika mama kwa simu.

Simu hiyo niliishika mimi. Niliinyanyua juu ya vichwa vya watu ili aone jeneza likishuka, mkono ukaniuma hadi begani. Kwetu kila mtoto huchukua udongo mkononi na kuurusha kaburini, na asiyerusha huhesabiwa kama hajazika. Mchungaji alipotuita watoto, mtandao ukakatika. Uliporudi, vijana wa kanisa walikuwa wameshajaza shimo na wanalisawazisha kwa migongo ya sepetu. Ndugu yangu akauliza, "Mmemaliza? Na mimi bado?" Nikamwonyesha maua.

Kwa hivyo nilikuwa na deni la moyo kwa yule mtoto, na ndilo lililoniponza.

Baba alikuwa fundi wa mawe kabla magoti hayajamgomea. Fundi hakai na maji bila kuyapima. Alikata fremu ya dirisha kuukuu vipande vipande, na kila Jumapili baada ya kanisa tulitembea hadi ukingo wa ziwa akapigilia kipande kimoja pale maji yalipoishia. Mwanzoni ilikuwa kama mchezo. Tuliwekeana dau: maji yakikipita kijiti cha Jumapili iliyopita, mimi naosha vyombo, yasipokipita, anaosha yeye. Desemba yote niliosha mimi. Ua wa mbuga ulizama ukabaki ncha za nguzo, na ndege wakubwa weupe wakawa wanazikalia kama wanaongoja kuhudumiwa.

Siwezi kusema hatukucheka. Siku moja niliona samaki akigaagaa katikati ya sukuma wiki zangu, nikamrukia kwa leso, nikaanguka kifudifudi, nikaamka naye. Jirani yetu, mama muuza mandazi, alikuwa amesimama kwenye ua ananitazama.

"Sasa huyo samaki amekula vyoo zetu zote, na wewe unataka kumkula?"

Nilimwachilia. Asubuhi nyingine tulikuta nyayo za kiboko kama sufuria zilizozamishwa matopeni, na mstari mzima wa sukuma umekatwa safi. Baba alisema angalau huyu ana adabu, amekula mstari mmoja akaacha mingine. Usiku uliofuata alirudi akamaliza.

Kisha Januari jua likawaka. Vumbi la Nakuru unalijua kama umewahi kuanika nguo nyeupe: unaanua za kahawia. Maji yakarudi nyuma. Jumapili ya kwanza hatua tano, ya pili hatua nane. Udongo ulioachwa ukapasuka na kuweka magamba ya chumvi, na baba akaosha vyombo akipiga mluzi. Majirani waliokuwa wamefunga vitu wakavifungua. Wazee walituambia ziwa hili ni la tabia hiyo tangu zamani, huchukua na kurudisha.

Ni baba peke yake ambaye hakudanganyika, au ndivyo nilivyoamini. Wiki ya pili ya Februari, tukinywa chai, alisema, "Tumhamishe mama yako sasa. Ardhi imekauka."

Alikuwa na kipande cha shamba Rongai, alichokipata ujanani akijenga maghala ya mahindi ya watu wengine. Tungehamia huko sote, walio hai na aliyelala. Karatasi za kibali alikuwa amezihangaikia tangu Desemba, ofisi hii hadi ile. Mchungaji alikubali kuja Jumamosi, na wanaume wanne wa kanisa walikuwa tayari kuchimba. Sepetu mbili zilikuwa zimeegemea ukuta wa stoo, zimenolewa.

Nikasema, "Tungoje Agosti."

Agosti ndiyo likizo ya ndugu yangu ilikuwa imeidhinishwa. Nilimweleza baba hesabu yangu: mtoto huyu alikosa mazishi ya kwanza. Tukimzika mama mara ya pili bila yeye, tutamwangaliaje machoni? Tukingoja, atarusha udongo wake kwa mkono wake, na roho yake itatulia. Miezi sita tu. Maji yenyewe si yanarudi nyuma?

"Na mvua?" baba aliuliza.

"Mvua ya Machi ni ya kupanda mahindi, baba. Si ya gharika. Subira huvuta heri."

Mama muuza mandazi, ambaye hakualikwa kwenye mazungumzo lakini ua wetu haukuzuia maneno, alinijibu kutoka upande wake. "Na ngoja ngoja huumiza matumbo!"

Baba aliweka kikombe chini. Nilipewa jina la mama yake mzazi, kama ilivyo kwetu kwa binti wa kwanza, na tangu nikiwa mchanga huniita mama. Si utani. Nikiudhika yeye hunyamaza kama mtoto aliyekaripiwa. Alisema, "Sawa, mama," akainuka, akazichukua zile sepetu akazirudisha stooni. Alikaa humo muda mrefu kuliko kazi yenyewe ilivyohitaji. Mimi nikapiga simu Ghuba kupeleka habari njema, na ndugu yangu alilia kwa furaha. Nilijiona mtu wa maana sana siku hiyo.

Mvua ilianza kabla Machi haijafika katikati. Si manyunyu yale ya kuvunja vumbi. Ilinyesha vilimani kote, ikashuka kwa mito na mitaro, ikaleta chupa za plastiki za mji mzima. Vijiti vya baba vya kupimia vikapotea kimoja baada ya kingine. Hakuna aliyezungumzia vyombo tena. Kila mmoja aliosha kikombe chake mwenyewe.

Wiki ya Pasaka maji yalikuwa yamefika mwisho wa bustani ya sukuma. Nilimwambia baba tujenge ukuta kuzunguka kaburi. Tulijaza magunia mchanga, mimi nikishona midomo yake kwa uzi wa sare, yeye akiyapanga jinsi fundi anavyopanga mawe, kila gunia likishika mshono wa mawili ya chini. Siku tisa. Magoti yake yalikuwa yamevimba nikayafunga kwa kitambaa cha maji moto. Tulipomaliza ulikuwa ukuta mzuri kwelikweli, wa kufika kiunoni, na maji ya nje yaliugusa yakasimama. Mama muuza mandazi alikuja kuutazama akatikisa kichwa kwa heshima.

Asubuhi ya pili niliingia ndani ya ukuta ule nikasimama karibu na msalaba. Miguu ikalowa. Maji yalikuwa yanapanda kutoka chini, taratibu, safi kama ya kunywa, na udongo wa kaburi ulikuwa unazama katikati.

Mtu aliyeona choo kikijaa kutoka chini alipaswa kujua. Niliona, nilielewa, na bado nikajenga ukuta. Nilipiga magoti nikaanza kuyachota kwa sufuria ya ugali na kuyamwaga nje ya magunia. Nilichota hadi mikono ikafa ganzi. Baba alikuja akasimama nje ya ukuta. Hakuniambia niache. Aliingia na ndoo akachota pamoja nami, na kila tulichotoa kilirudi.

Mchungaji alikuja akiwa na buti za mvua. Mtu wa afya naye alikuja, akatazama, akasema haiwezekani tena kumhamisha. Ardhi imelainika, shimo halitasimama, na jeneza nalo huenda halishikiki. Alisema kwa upole. Ningependa angekuwa jeuri, ningepata mtu wa kumgombeza.

Mei maji yakaufunika msalaba. Nilimpigia ndugu yangu nikamweleza. Akasema, "Sawa, sista." Hivyo tu.

Juni tulibomoa nyumba. Tulishusha mabati, tukang'oa misumari na kuinyoosha, tukapakia lori pamoja na cherehani na kuku watatu. Mama muuza mandazi alihamia mtaa wa Kaptembwo kwa binti yake. Tuliagana barabarani, akanipa mandazi ya njiani kwenye karatasi. Hakunikumbusha methali yake, na namshukuru hadi leo.

Julai ya Rongai ni baridi ya kuuma meno. Ukungu hulala juu ya mahindi ya watu hadi saa nne, na sisi wenyewe hatukuwa tumepanda chochote, kwa hiyo tuliangalia tu mahindi ya jirani yakikua. Tulilala chumba kimoja cha mabati tukakigawa kwa shuka. Baba aliamka kabla yangu kila siku, akawasha jiko, akaniletea chai. Alinipa maziwa yote, yeye akanywa ya rangi. Hakusema neno hata moja kuhusu Februari. Nilikuwa naingoja lawama yake jinsi mtu anavyongoja sindano, niseme ndiyo, nilikosa, imalizike. Haikuja. Alizidi kuwa mwema, na kila wema ulinichoma. Wakati mwingine nilimkasirikia kwa sababu ya chai. Niliwahi kuimwaga nje akiona, nikasema ina moshi. Akapika nyingine.

Ndugu yangu alifika Agosti, kama alivyoahidi, amenenepa kidogo, na saa kubwa mkononi. Siku ya tatu tuliondoka asubuhi tukaenda ziwani sisi watatu. Barabara ya kwenda kwetu inaishia majini. Lami haipo, lakini ile njia ya murram, changarawe nyekundu, inashuka tu na kuingia, kama vile kuna watu wanaotembea huko chini.

"Ni wapi hasa?" aliuliza.

Baba alinyoosha kidole. Mti wa avokado ulikuwa bado umesimama, umekauka, umenyonyoka majani yote, na ndege mweusi amekaa juu. "Pale. Kushoto kidogo ya ile mti."

Ndugu yangu aliinama akachukua udongo pale tulipokuwa, kiganja kizima, akaurusha. Ulianguka hatua chache mbele yetu. Akavua viatu, akakunja suruali, akachukua mwingine, akaingia hadi magotini, akarusha kwa nguvu zake zote. Bado. Hata nusu ya njia haukufika. Akachukua wa tatu, akaanza kusonga mbele, maji yakamfika mapajani.

"Rudi, kijana!" baba alipiga kelele. "Kuna kiboko huko! Nishazika mmoja hapa!"

Alirudi. Aliosha mikono, akapita karibu yetu bila kututazama, akaenda kukaa mbali kwenye jiwe.

Hapo nikashindwa. "Baba, sema tu. Sema ni mimi. Nilikuambia tungoje, na ungemtoa Februari ile. Tangu tuhame unaniletea chai kama mgonjwa. Sema!"

Baba hakuniangalia. Alikuwa ameishika kofia yake kwa mikono miwili.

"Si wewe," alisema. "Siku ile uliniambia tungoje, niliingia stoo nikalia. Nilikuwa nimefurahi. Sikutaka wamchimbue, mama. Nilikuwa nikiamka naenda pale namwambia nimeamka. Kibali nilitafuta kwa sababu watu walikuwa wananiangalia, wanasema huyu mzee anangoja nini. Halafu wewe ukanipatia sababu nzuri. Ningesema hapana, ungenisikia."

"Na mbona ukaniacha nibebe hiyo kitu peke yangu?"

Aliivaa kofia, akaivua tena.

"Niliona ukiibeba wewe, mimi naweza lala."

Nilitaka kumpiga. Nasema ukweli, mkono uliniwasha, baba yangu mzazi, na magoti yake yale. Nilimwambia maneno ambayo binti hamwambii baba, na alisimama akayapokea yote bila kujitetea. Nilipoishiwa pumzi alikuwa analia waziwazi, mdomo wazi, na nikaona kwamba hajalia mbele yangu tangu mazishi.

Ndugu yangu alisimama kutoka jiweni akaja na viatu vyake mkononi. Aliuliza kuna nini. Baba alifungua mdomo amwambie, nikamtangulia.

"Tulikosea," nikasema. "Sisi wawili."

Murram ilikuwa inateleza. Nilimshika baba mkono wa kulia, ndugu yangu akamshika wa kushoto, tukapanda naye polepole hadi barabarani.