Plasta ya Mkono wa Kushoto

Kila asubuhi ya kambi, kabla jua la Agosti halijaanza kuichoma Ohio, mdakaji ndiye hutangulia kufika chumba cha matibabu. Misimu kumi na mmoja amekimbia pembeni ya uwanja wa futiboli ya Kimarekani, akifukuzia mipira ya mbali na kuangushwa na majitu. Hukaa kitandani taratibu, kama anayeingia maji ya baridi, kisha humnyooshea mikono Bi Marva, ambaye kazi yake ni kuwafunga wachezaji plasta. Bi Marva anavijua vidole vile kuliko vya wanawe: kile cha mwisho kilichopinda, na gumba lisilokunjika. "Kaza, mama." "Nikikaza zaidi damu haitapita." "Damu yangu imezoea foleni." Hucheka mwenyewe, kwa sauti ya chini, halafu hufumba macho.

Jumanne ile alikuwa bado amefumba pale karani wa kocha alipochungulia mlangoni. "Kaka, kocha anakuita. Njoo na kitabu chako cha mbinu." Kwao, mchezaji anayeitwa pamoja na kitabu chake amekwisha kuachwa na timu. Bi Marva akashika mkasi akate plasta. Mdakaji akauvuta mkono. "Malizia kwanza, mama. Bado huu wa kushoto." Akamalizia, polepole kuliko siku zote. Mdakaji akavaa shati lake jeupe, akahangaika na kifungo, vidole vikakataa. Aliinua kidevu tu, na Bi Marva akamfunga vifungo vyote, kimoja kimoja, hadi shingoni.