Herufi Alizozisoma kwa Masikio

Mama Bertila, ambaye sasa yuko kwao Mpui na shamba lake la ulezi, hakuwahi kuniambia kwamba haoni vizuri. Aliniambia tu, "Kulsumu mwanangu, nisomee, mimi nikimbize vidole." Nikadhani ni ukubwa wa kazini unamsumbua. Miaka miwili, kila asubuhi, nilivuta kiti pembeni yake pale masjala, hapa Sumbawanga mjini, nikamsomea rasimu za barua, naye akachapa huku anatazama dirishani.

Kuchapa alifundishwa na masista, mikono imefunikwa kitambaa asichungulie vitufe. Nilipoajiriwa bado alikuwa na taipureta, na kengele yake ya mwisho wa mstari ilisikika mpaka getini. Kompyuta zilipokuja ofisi ikapoa. Kelele ile naitamani hadi leo, atakayenicheka na anicheke.

Ndipo akaja mtaalamu wa macho kutupima sisi tunaoshinda kwenye kompyuta. Mama Bertila akakosa raha kabisa. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja kustaafu, na alishajiaminisha kwamba akigundulika atanyang'anywa mashine.

"Wakinipeleka kupanga mafaili, huo mwaka siumalizi," aliniambia, bila kusema kwa nini wampeleke huko.

Mtaalamu alisimamisha kadi ya herufi, umbali kama wa kioo cha kompyuta. Mlango ulikuwa wazi. Flavian wa uhasibu alisoma kwa sauti ile ile anayoimbia kwaya, sisi tukisubiri kwenye benchi la mlangoni. Nikaona vidole vya Mama Bertila vinachapa juu ya sketi. Mtu aliyeandika imla za mabosi sita, herufi ishirini zitamshinda?

Akaingia, akazimwaga zote bila kukwama. Mtaalamu akatabasamu.

"Mama, umeruka mstari wa tatu."

"Mimi?"

"Na yule kaka aliyetoka ameuruka huo huo."

Akageuza kadi upande wa pili, wenye herufi nyingine. Mama Bertila akaikodolea macho, kisha akaanza kulia. Nami nililia pale mlangoni, maana ndiyo kwanza nilielewa kwamba miaka miwili yote nilikuwa macho yake.

Hakunyang'anywa chochote. Alipewa miwani, akaambiwa kila baada ya muda aache kioo atazame mbali. Hilo la kutazama mbali alikuwa bingwa tayari.

Asubuhi ya kwanza ya miwani, alisoma barua nzima mwenyewe, midomo ikichezacheza. Nilifurahi kwa ajili yake, na moyo ukaniuma. Nikanyanyua kiti changu nikirudishe kwenye meza yangu.

"Unakwenda wapi?"

"Si unaona sasa, mama."

"Naona, ndiyo." Akavua miwani, akaiweka juu ya karatasi, akageukia dirisha. "Kaa, unisomee."